Geuza Kasi Iwe Muda: Ushauri kwa Wanaohamisha Kumbukumbu za Zamani Njombe na Makambako

Katika studio za picha za Makambako, kwenye ofisi za sharika na parokia za Njombe, mashuleni na kwenye vyama vya ushirika vya wakulima, yapo makabati yaliyojaa CD, DVD, kanda na kompyuta zilizokwisha kustaafu. Humo mna harusi, misiba, mikutano ya vijiji, nyimbo za kwaya na hesabu za wanachama. Wenye mali hiyo sasa wanataka kuihamisha. Wengine wanataka kuipandisha mtandaoni, wengine kuipeleka Dar es Salaam, wengine walau kuiweka kwenye diski mpya. Wote huuliza jambo moja: kazi hii itachukua muda gani, na italamba bando kiasi gani?

Jibu hukwama kwa sababu kila kifaa kinataja kasi kwa kipimo chake. Kampuni ya simu inasema Mbps 20. Kompyuta inaonyesha MB 2 kwa sekunde. Kisoma CD kimeandikwa 52x. Diski ya nje imeandikwa USB 2.0. Ukiichomeka, diski uliyoinunua ikiwa ya GB 500 inajitambulisha kuwa ya GB 465. Mtu akivichanganya vipimo hivi atanunua bando lisilotosha, au atamwahidi mteja kazi ya leo ambayo itakamilika wiki ijayo, au atahama mtandao kumbe kinachomchelewesha ni flashi yake.

Ushauri wangu wote unasimama juu ya kanuni moja: usilinganishe kasi na kasi. Igeuze kila kasi iwe muda wa kazi yako wewe, kwa mafaili yako wewe. Ukishapata dakika na saa, uamuzi hujitokeza wenyewe, na hakuna muuzaji atakayekuyumbisha kwa tarakimu kubwa.

Gawanya kwa nane, kisha acha nafasi

Mtandao hupimwa kwa biti, faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Katika maandishi, b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti. Kwa hiyo Mbps 8 na MB/s 1 ni kasi ileile. Mtandao wa Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde. Wa Mbps 20 ni MB 2.5, wa Mbps 100 ni MB 12.5. Ukiona faili linashuka kwa MB 2.5 kwa sekunde kwenye laini ya Mbps 20, hujaibiwa. Umepata ulicholipia.

Hata hivyo, hesabu ya nane ni ya karatasini. Kila kipande cha data hubeba anwani ya kinakotoka na kinakokwenda, na kipande kinachopotea njiani hutumwa upya. Kwenye waya mzuri gharama hiyo ni kama asilimia 5. Kwenye simu na waifai hupanda, hasa jioni watu wengi wanapokuwa kwenye mnara mmoja. Ndiyo maana ninashauri utumie namba mbili. Ukitaka kujua ukomo wa laini yako, gawanya kwa 8. Ukitaka kupanga kazi na kumwahidi mtu, gawanya kwa 10. Mbps 10 ihesabu kuwa MB 1 kwa sekunde, Mbps 20 kuwa MB 2. Hesabu hii ni nyepesi kichwani, na ahadi yako itakuwa ya mtu mzima.

Usichanganye pia kasi na ujazo. Mbps ni kasi. GB za bando ni ujazo. Bando la GB 10 kwenye laini inayokwenda Mbps 20 bila kupungua huisha kwa dakika 67 hivi. Mtandao ukiongezeka kasi, bando haliongezeki. Linawahi tu kuisha. Na unapoulizia huduma, ulizia kasi mbili: ya kupakua na ya kupakia. Anayetuma kumbukumbu anapakia, na kwenye mitandao mingi upande huo ndio wenye kasi ndogo. Laini inayotangazwa kwa Mbps 20 inaweza kukupakilia Mbps 5 au chini ya hapo, na hiyo ndiyo namba ya kuingiza kwenye hesabu zako.

Elfu moja au 1,024

Mkulima wa viazi wa Njombe anaijua vizuri adha ya lumbesa: wote mnasema gunia, lakini gunia la huyu si gunia la yule, na dawa yake ni mizani. Kwenye kompyuta neno mega lina hali hiyohiyo. Kwa watengenezaji wa diski na kwa watu wa mitandao, mega ni milioni moja kamili. Kwa kompyuta za Windows, mega ni 1,024 mara 1,024, yaani 1,048,576. Tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilitoa mwaka 1998 alama za kutenganisha hizo mbili: MB kwa milioni, MiB kwa 1,048,576. Lakini Windows bado huandika GB pale inapohesabu GiB.

Hivyo diski ya GB 500 ni baiti bilioni 500, na ukizigawa kwa 1,024 mara tatu unapata 465. Hakuna kilichopotea. Tofauti ni asilimia 2.4 kwenye kilo, 4.9 kwenye mega, 7.4 kwenye giga na karibu 10 kwenye tera. Kwa faili la barua moja haina maana. Kwa kabati zima la DVD ina maana, kwa sababu asilimia 7 ya kazi ya siku kumi ni zaidi ya nusu siku.

Vifaa vya zamani vina ukorofi zaidi. Flopi ya 1.44 MB ina baiti 1,474,560, namba inayopatikana kwa kuzidisha 1.44 kwa 1,000 na tena kwa 1,024, mchanganyiko usiofuata mfumo wowote kati ya ile miwili. CD ya MB 700 hutumia mega ya 1,024, na ikijaa hubeba baiti 737,280,000. DVD ya GB 4.7 hutumia giga ya bilioni, na Windows itakuonyesha 4.38. Mizani ya jambo hili ni kuhesabu baiti zenyewe. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, utaona baiti kamili zimeandikwa pembeni ya GB. Chukua namba hiyo.

Kusoma lebo za vifaa vya zamani

Flopi huzunguka mara 5 kwa sekunde, na kila mzunguko husoma sehemu 18 zenye baiti 512. Hiyo ni baiti 46,080 kwa sekunde, kwa lugha ya mtandao kilobiti 369. Flopi nzima haiwezi kusomwa kwa chini ya sekunde 32. Ukiwa nazo mia moja, tenga siku moja. Muda mwingi utakwenda kwenye kuzibadilisha na kuhangaika na zilizoharibika.

Kwenye CD ya data, x moja ni baiti 153,600 kwa sekunde, karibu Mbps 1.23. Kisomaji cha 52x basi ni kama MB 8 kwa sekunde, au Mbps 64. Lakini 52 ni kasi ya ukingoni tu. Karibu na kitovu, data inapoanzia, kasi huwa chini ya nusu. Kwenye DVD x ni nyingine kabisa: x moja ni MB 1.385 kwa sekunde, Mbps 11 hivi, yaani kubwa mara tisa kuliko x ya CD. DVD ya 16x huishinda CD ya 52x, ingawa namba kwenye sanduku zinaonyesha kinyume.

Tahadhari kubwa iwe kwenye namba 100. Kadi ya mtandao ya 100 ni megabiti 100, yaani MB 12.5 kwa sekunde. Diski ya kizamani yenye waya mpana, iliyoandikwa ATA/100, ni megabaiti 100. Namba ni moja, kasi zimeachana mara nane. Kwenye SATA iliyofuata, vipimo vilirudi kwenye biti, na humo unagawanya kwa 10 hata karatasini, kwa kuwa kila biti 8 za data husafirishwa kama biti 10. Ndiyo sababu SATA ya Gbps 1.5 ni MB 150 kwa sekunde, na ya Gbps 6 ni MB 600.

USB 2.0 imeandikwa Mbps 480, karatasini MB 60 kwa sekunde, lakini kazini tarajia 30 hadi 40. USB 1.1 ya kompyuta kongwe ni Mbps 12, nayo kwa kazi halisi ni kama MB 1 kwa sekunde. Ukinakili DVD moja iliyojaa kupitia tundu hilo utakaa saa moja na dakika 18, sawasawa na kuipakia kwenye mtandao wa Mbps 10. Hapo hujafika hata mtandaoni.

Kanda ni habari nyingine. Kanda ya kwaya ya dakika 60 husomwa kwa dakika 60, uwe na kompyuta ya aina gani. Sauti ikirekodiwa kwa kiwango cha CD ya muziki ni biti 1,411,200 kwa sekunde, hivyo saa moja hutoa MB 635. Ikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128, saa hiyo hutoa MB 58 tu. Kanda 30 ni saa 30 za kusikiliza na GB 19 za sauti kamili, ambazo kwa MB 1 kwa sekunde hupanda mtandaoni kwa saa 5 na ushee. Katika kazi hiyo usiongeze pesa kwenye mtandao. Tafuta deki ya pili ya kusomea kanda. Kanda ndogo za video za MiniDV nazo hutembea kwa mwendo wake uleule na kutoa GB 13 hivi kwa saa.

Ni vizuri kukumbuka kwa nini kumbukumbu zetu ziko kwenye sahani za CD na DVD. Waya wa SEACOM wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Mwaka huohuo wa 2009 ndipo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, ulipoanza. Kabla ya hapo nchi ilitegemea satelaiti. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56, CD moja iliyojaa ingechukua saa 29 bila kukatika. Aliyechoma CD na kuikabidhi mkononi alikuwa amepiga hesabu sahihi ya zama zake.

Kabati la DVD 200

Tuchukue studio ya Makambako yenye DVD 200 za harusi, kila moja GB 4.7, na zinatakiwa Njombe mjini. Jumla ni GB 940. Kanuni ni hii: ujazo kwa MB, gawanya kwa kasi ya MB kwa sekunde, unapata sekunde, gawanya kwa 3,600, unapata saa.

Kwanza, kuzisoma. Kisomaji cha 16x kwa wastani tukihesabie MB 11 kwa sekunde, DVD moja ni dakika 7. Ongeza kufuta vumbi, kubadilisha sahani na kuandika jina, iwe dakika 10. DVD 200 ni saa 33, yaani siku 5 za kazi kwa kijana mmoja makini. Zisomee moja kwa moja kwenye diski ya nje ya TB 1.

Pili, kuzifikisha. Ukizipakia kwa Mbps 10, yaani MB 1 kwa sekunde, ni sekunde 940,000: saa 261, karibu siku 11 usiku na mchana bila umeme kukatika. Ukipakia kwa Mbps 2, ni siku 54. Na bado hujanunua bando la GB 940.

Sasa chukua basi. Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60. Mzigo ukitoka stendi ya huku na kupokelewa ya kule, weka saa moja na nusu. Mpokeaji akinakili diski kwa USB 2.0 kwa MB 30 kwa sekunde, ni saa 8 na dakika 42. Jumla ni kama saa 10. Baiti bilioni 940 kwa muda huo ni sawa na mtandao wa Mbps 200 uliokimbia bila kukatika hata sekunde moja. Ukihesabu safari peke yake, bila kunakili, basi limebeba zaidi ya Mbps 1,300.

Je, kila kitu kipande basi? Hapana. Ripoti ya shule ya MB 20 kwa MB 1 kwa sekunde ni sekunde 20. Hakuna basi litakalolishinda hilo. Tafuta mpaka wako: ule ujazo ambao muda wa mtandao unalingana na muda wa safari pamoja na kunakili. Kati ya Makambako na Njombe, kwa MB 1 kwa sekunde, mpaka uko kwenye GB 5 hadi 6, kama DVD moja na kidogo. Kwa mzigo wa Dar es Salaam unaokaa basini saa 12, mpaka husogea hadi GB 45 hivi. Laini yako ikiwa na kasi mara tano ya hiyo, mipaka nayo huongezeka karibu mara sita. Chini ya mpaka, tuma mtandaoni. Juu yake, tuma diski.

Mwendo wa kazi ni mwendo wa aliye nyuma

Data hupita mikono mingi: kisomaji, tundu la USB, diski, ruta, waifai, mnara. Andika kasi ya kila mmoja kwa MB kwa sekunde, kisha uchukue ndogo kuliko zote; hiyo ndiyo kasi ya kazi. Mwenye faiba ya Mbps 100 anatarajia MB 10 kwa sekunde. Akipakua moja kwa moja kwenye flashi ya bei rahisi inayoandika MB 5 kwa sekunde, atapata nusu, na atailaumu kampuni bure. Kabla ya kulipia kasi kubwa zaidi, jaribu kupakua kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Kasi ikipanda, badilisha flashi. Isipopanda, unganisha kompyuta na ruta kwa waya badala ya waifai. Ikibaki vilevile, hapo zungumza na mtoa huduma, ukiwa na namba mkononi.

Kupima kwenyewe hakuhitaji programu. Chukua faili la MB 100, lipakie, angalia saa. Likichukua sekunde 80, kasi yako ni MB 1.25 kwa sekunde, sawa na Mbps 10. Fanya hivyo asubuhi, jioni na usiku wa manane, kisha panga kazi kubwa saa ile yenye majibu mazuri. Tumia huduma inayoweza kuendelea pale ilipoishia, kwa kuwa umeme ukikatika saa ya tisa ya kazi ya saa kumi, kuanza upya ni kutupa bando.

Kabla ya kukabidhi mzigo

Diski iliyopanda basi iwe nakala, isiwe mali pekee. Baki na nakala moja nyumbani, na usitupe DVD mpaka mpokeaji athibitishe. Uthibitisho si picha ya folda iliyotumwa kwa simu. Linganisheni idadi ya mafaili na jumla ya baiti, tarakimu kwa tarakimu. GB mbili zinazofanana kwenye kioo zinaweza kuficha faili lililokosekana. Kwa kumbukumbu nyeti, tumieni pia namba ya ukaguzi ya SHA-256 kwa kila faili.

Funga diski kwa nywila iliyosimba data yote. Rekodi za wagonjwa, wanafunzi na wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na diski ikipotea njiani mwenye kuwajibika ni wewe uliyekabidhiwa taarifa hizo. Nywila itume kwa njia nyingine, isiandikwe kwenye bahasha ya mzigo.

Hesabu zote hizi zinaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari la ofisi. Andika jumla ya MB ulizonazo. Andika kasi ya kupakia uliyoipima mwenyewe, kwa MB kwa sekunde. Andika saa zinazopatikana ukigawanya, na pembeni yake saa za basi pamoja na kunakili. Mwite kijana wa ofisini akae karibu aone hesabu inavyokwenda, maana yeye ndiye atakayeirudia mwakani kwa vifaa vingine.

Kisha anzeni na sahani kongwe kuliko zote. CD na DVD za kuchoma huhifadhi data kwenye rangi inayofifia kwa mwanga, joto na unyevu, na ukungu wa Njombe haujawahi kuzihurumia sahani zilizolala chini ya kabati. Nyingine tayari zina madoa, na kisomaji kitazirudia mara kadhaa kabla ya kukubali au kukataa. Studio yenye DVD 200 imeona hesabu yake: siku 5 za kusoma, safari moja ya basi, usiku mmoja wa kunakili. Kazi hiyo inaweza kuanza Jumatatu hii na kukamilika kabla ya Jumatatu ijayo, na harusi za watu, sauti za wazee na hesabu za wanachama zikawa salama mahali pawili.